Mara Kumi na Moja

Jana nimekufa mara kumi na moja
mbele ya vijana wa Masasi,
na hakuna aliyenizika.
Nasubiri sekunde thelathini, nafufuka,
nakimbilia palepale nilipofia.

Somoe akachomoa spika za masikioni:
"Nandonde, vidole unavyo. Macho huna."

Sikulala.
Ukungu wa Newala umelalia bati,
bando limebaki la kuhesabu,
nikairudia mechi nzima polepole
kama mtu arudiaye njia akitafuta shilingi iliyomdondoka.
Kifo cha kwanza: nilimfukuza mmoja aliyebakiwa na uhai kiduchu.
Cha pili: huyohuyo.
Cha tatu hadi cha saba niliviruka kwa aibu,
kisha nikavirudia.
Kumbe kila mara, pembe ya juu kushoto,
katika ile ramani ndogo kama stempu ya barua,
vitone vitatu vyekundu vilikuwa vimetoweka
na mimi sikujiuliza viko wapi.
Viko majanini. Vinaningoja mimi.

Na kumbe Chinguile alikuwa akiniita.
Mara nne aliniita, mara nne akafa,
nami niko ng'ambo ya mto
nahesabu niliowaangusha.

Asubuhi nikamfuata Somoe kwenye banda la kubangulia.
Mafuta ya maganda yamelichubua gumba lake,
siku nyingine simu hailitambui,
hucheza kwa kidole cha kati, na bado anatushinda.
Nikamwambia, nipe kazi isiyotakiwa na mtu.
"Beba dawa. Kaa nyuma ya Likupe.
Ukiona, sema. Usipoona, sema huoni."
Akabana korosho, ikatoka nzima.
Nikajaribu moja.
Akavizoa vipande, akavitia kwenye ndoo ya vipande,
bila kunitazama.

Wiki tatu nimekuwa msindikizaji.
Kidole kinawasha, nakikunja.
Nimejifunza muda wa lile dude la mtoni kuzinduka,
nimejifunza kunyamaza Likupe anapopumua kwa nguvu,
na jambo moja ambalo hakuna aliyenifunza:
simu ya Abilahi imepasuka kioo upande wa kulia,
ufa umekula robo ya dunia yake.
Miezi yote ile tulimwita mzembe.
Basi kulia kwake nikakuchukua mimi.
"Abilahi, kulia, wawili."
"Abilahi, kulia pako salama."
Akaanza kutembea kama mtu mwenye nyumba.

Jumamosi Masasi wakarudi.
Nilikufa mara mbili;
mara moja kwa makusudi,
mlangoni, ili Chinguile apite.

Ubao wa mwisho ukaandika majina yetu matano.
Langu la chini kabisa.
Walioangushwa na Nandonde: sifuri.
Abilahi akausoma kwa kuinamisha simu, kuukwepa ufa,
akacheka hadi akakaa chini.

Tulishinda, ndiyo. Nilisahau kusema.

Somoe alikuwa ameshasimama,
anafunga kanga, zamu yake inaanza.
"Kesho saa mbili," akasema.
"Na uchaji simu."