Kipupwe cha Friji

Koni alizileta Charo, utingo wa lori la viazi,
kutoka Kinangop: nne, zimefumba kama ngumi za mtoto.
Nikazianika juu ya mabati ya choo.
Siku ya tatu nikasikia ta, ta, ta,
zinafunguka zenyewe,
na mbegu zikatoka, kila moja na ubawa wake,
kama kumbikumbi aliyekosa mvua.

Nikazilowesha usiku kucha kwenye bakuli la uji.
Zilizozama nikaziweka.
Zilizoelea nikazimwaga: mapepe.
Zikabaki ishirini na mbili kati ya sitini na moja.
Miaka kumi na minane nauza miche hapa Barani,
miwaridi, asumini, mikadi,
sikuwahi kuyasikitikia maji ya kumwaga.

Msonobari haukubali kuota
mpaka uamini kwamba kipupwe kimepita.
Na Malindi, kipupwe ni nini?
Ni shuka moja zaidi mwezi wa saba.
Nikazifukia kwenye kopo la siagi, na mchanga wa majimaji
(ukiukamua usidondoke hata tone),
nikaandika juu: SI CHAKULA,
nikalilaza ndani ya friji ya Rukiya jirani
kati ya barafu za ubuyu na samaki wa kesho.

Wiki sita.
Rukiya akalalama: "Nyevu, tokeni nanunua mimi,
wewe walaza miti yako kama mgeni wa hoteli?"
Nikawa nampa mia kila Ijumaa, kodi ya baridi.
Stima ilipokatika siku mbili
nililifunga kopo kwa kanga mbichi nikalipepea
kama mwenye homa.
Rukiya alinitazama. Hakucheka.

Mbeyu, mjukuu wangu (na kwetu jina hilo ndiyo mbegu),
ndiye aliyeuona wa kwanza.
"Nya-nya! Kuna mtu amevaa kofia!"
Kweli. Shina jekundu, jembamba kama uzi wa cherehani,
limeinama, limejitwika ganda lake kichwani.
Akataka kulivua. Nikamshika mkono.
Mwache, atalivua akiwa tayari.
Siku ya nne kofia ikaanguka, na chini yake
vidole saba vya kijani.

Viliota kumi na saba. Kisha vikaanza kulala.
Jioni wima, asubuhi chini,
shingo imeoza usawa wa udongo.
Nikapunguza maji, nikanyunyiza jivu,
nikasema na Mungu kidogo.
Vikabaki vitano, navyo vikawa manjano,
havifi, havikui,
kama watu waliokaa benchi la ofisi ya ardhi.

Jibu nilipewa na Thoya, bila yeye kujua.
Analinda nyumba ya Mtaliano aliyeondoka, kule Mayungu.
Uani mna msonobari mmoja mkubwa.
"Chini yake nyasi hazimei," akasema,
"ila uyoga, kila mvua."
Uyoga! Nikapanda tuktuk na ndoo.
Nikafukua chini ya zile sindano zilizokauka,
nikakuta udongo una nyuzi nyeupe,
unanuka kama dawa ya kifua.
Kila kopo nikalitia konzi moja.
Sielewi vizuri. Najua tu kwamba mti huu
haujui kula mpaka ufundishwe
na udongo uliokwisha kulisha mwingine.

Sasa ni kijani cha kutisha.
Vinamfika Mbeyu kifundo cha mguu.
Juzi alikuja bwana wa hoteli, akavitaka vyote,
vya kutundika taa mlangoni Desemba.
Akataja bei. Nikanyamaza kupita adabu.

Nimemuuzia viwili. Karo haijui uyoga.

Kimoja nimempa Rukiya.
Amekiweka kando ya friji, penye kivuli,
na anakimwagilia maji mno.
Nimemwambia.
Hasikii.