Mhazina wa Chaji

Walinichagua mimi
kwa kuwa ndiye nishikaye sanduku la kikoba chetu pale Mihumo:
"Somoe hajawahi kupoteza hata jero.
Mpeni na betri."

Basi nikapewa betri. Moja, volti kumi na mbili,
nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyenuna,
na paneli ya wati arobaini yenye ufa pembeni,
na waya uliofungwa soltepu,
na watu watano wenye tamaa.

Siku saba msituni, kuhesabu mipingo ya kijiji.
Shina kwa shina, futikamba usawa wa kifua,
kipimo kinaingia kwenye kishikwambi cha halmashauri,
na kishikwambi, jamani,
kinakunywa kama mgonjwa wa homa.

Sheria nikaiandika ubavuni mwa ndoo kwa mkaa:
simu zenu mwisho, na saa sita mchana tu,
kwa maana chaji ya mchana ni mshahara,
ya usiku ni akiba.
Ikigusa kumi na mbili kamili, nafunga duka.
Betri ukiikamua hadi tone la mwisho
haikudai. Inakufa tu.

Nauacha ugali motoni nikaigeuze paneli.
Jua likihama, nami nahama,
nafuta vumbi kwa upindo wa kitenge,
nakata kijitawi,
maana kivuli cha jani moja huiba kuliko mtu.

Siku ya pili Ngwenje akataka redio, Namungo wanacheza.
Nikamkopesha kipindi cha kwanza.
Cha pili akakitangaza mwenyewe, kwa mdomo,
na timu yake ikashinda manne bila.

Siku ya nne mawingu yakaja yakakaa
kama wageni wa msiba wasiojua arobaini imekwisha.
Tulikula gizani,
mtu akiitafuta mboga kwa kidole.

Usiku huo niliiba.

Simu yangu ilizimika tangu Jumatatu,
pale kilimani mtandao unapoishia.
Ujumbe wa sauti wa dada yangu Esha, sekunde kumi na tisa,
nami nimesikia tatu:
"We Somoe, sikiliza..."
Siku nne nimebeba ile "sikiliza" kutoka shina hadi shina.
Nimeijaza mwenyewe: mama. Homa. Nyumba imeungua.
Nimeandika sentimita thelathini na nane
nikiwaza sanda.

Nikachomeka. Asilimia moja.
Mbili.
Nikajifunika gubigubi nisionekane na kile kimwanga,
mimi niliyempiga faini Hokororo
kwa kuangalia picha ya mchumba.
Nne. Nikaweka sikioni.

"We Somoe, sikiliza, ufunguo wa stoo umeuweka wapi?
Korosho zote zimo ndani,
na chama wanapokea mwisho Alhamisi.
Umeuweka wapi, we mwanamke?"

Nikapapasa pindo la kitenge.
Fundo.
Ndani ya fundo, kitu baridi chenye meno.

Nilicheka hadi Ngwenje akauliza kizani
kama ni fisi.

Asubuhi, kabla ya chai, nikawasomea daftari:
Somoe, asilimia nne, bila idhini.
Betri, kumi na moja nukta tisa.
Faini, ile ile ya Hokororo.
Nikauweka ufunguo juu ya ndoo, wauone.

Hakuna aliyecheka.
Hokororo akaanza kuhesabu kwa vidole,
tukamsaidia: tuliondoka Jumatatu,
tukalala mara moja, mbili, tatu...
Alhamisi ilikuwa jana.

"Esha ana shoka," akasema Ngwenje,
akaikoroga chai isiyo na sukari.

Juu ya miti wingu lilikuwa limechanika kidogo,
upana wa kiganja.
Nikaibeba paneli
nikaufuata ule mchaniko.