Makala

Huku Lubumbashi makaa tunayaita makala.
Ndugu wa pwani wakisikia hudhani
tunauza maandishi kwa gunia.
Wasicheke upesi.

Jumba la patini la Kamalondo leo ni ghala.
Magunia yamepangwa hadi kwenye jukwaa
walipokaa waamuzi na vibao vyao vya alama.
Katikati pamebaki uwazi, upana wa maduara mawili.
Nampa Mukalay, mlinzi, mkate na sukari ya chai,
naye ananifungulia saa kumi na moja alfajiri,
mwezi wa sita, baridi inapouma masikio,
kabla malori ya barabara ya Kasenga hayajaingia.

Nina miaka sitini na miwili. Goti la kushoto
lina mawazo yake.
Nakaa juu ya gunia, nafunga kamba
za viatu vyenye magurudumu manane.
Mwanangu Ngoie ananishangaa:
nane chini, nane mbele, mama, na hospitali nyuma.

Watu wanakumbuka kuruka.
Sokoni bado yupo anayeniita Mama Mruko,
huniongezea nyanya mbili.
Wanakumbuka gauni la kijani, na redio,
na medali ya dhahabu ambayo haikuwa dhahabu:
ilimiminwa hapahapa, shaba tupu,
ikasuguliwa kwa ndimu na majivu.
Jina Feza, mji wa shaba, shingoni dhahabu,
madini matatu kwa msichana mmoja
aliyeshindana kwa viatu vya kuazima.

Hakuna anayekumbuka maduara.
Yalikuwa ya asubuhi, ya lazima, ukumbi mtupu.
Muziki hakuna. Makofi hakuna.
Mama yangu tu na karanga zake, akisinzia.
Mguu mmoja, ukingo wa nje, polepole,
toka kitovuni, zunguka, rudi kitovuni,
badilisha mguu, zunguka upande wa pili, rudi.
Halafu tena, juu ya mstari uleule.
Halafu tena.
Waamuzi wakikufuata nyuma, wameinama
kama watu waliopoteza sindano.
Niliyapita kama mtu apitavyo
mlangoni kwa anayemdai.
"Feza," alisema mwalimu Kaumba, "unaruka ili wakuone.
Hapa nani anakuona?"
Siku yalipofutwa kwenye mashindano
niliwanunulia wenzangu soda.

Usiniulize kilichonirudisha.
Nilikuja kununua gunia.

Saruji haishiki alama.
Enzi zile mstari wangu ulikufa nyuma ya kisigino,
ukiweza kudanganya, ulidanganya.
Sasa vumbi la makala limetanda sakafuni,
laini kuliko poda,
na gurudumu likipita linaandika.
Kwa mara ya kwanza nasoma
nilichokuwa nikisema.

Kinasema: unaegemea mno robo ya mwisho,
unaharakisha kufika.
Kinasema: mguu wa kulia
ulikuwa ukimfichia siri wa kushoto.
Miaka arobaini, na mimi nilidhani ni uchovu.

Mukalay anapiga magoti, anamulika kwa simu.
"Mama, hapa umekata kona."
"Siyo kona, Mukalay. Duara halina kona."
Anasogeza mwanga, anatazama tena.
"Basi, hapa umeogopa."

Nimepewa alama na watu wenye tai,
wengine walikuwa hata hawajaamka vizuri.
Hakuna aliyewahi kunisoma hivyo.

Leo mzunguko wa tatu umeketi juu ya wa pili,
isipokuwa pale, karibu na gunia lililopasuka,
ambapo umechepuka upana wa kidole.
Kidole gumba, tuseme ukweli.

Honi. Mlango unafunguliwa wote.
Wapagazi wanaingia na sandali zao.
Kijana wa kwanza, gunia mgongoni,
anaiona nane, anasita,
anaizunguka kwa nje kama anayeogopa kukanyaga mtoto.
Wa pili anapita katikati.
Wa tatu pia.

Nilifika nyumbani soksi nyeusi,
nikawasha mbabula, nikabandika maharagwe.
Goti lilisema lilichotaka kusema.

Kesho ukingo wa ndani.