Chaki na Mafuta ya Taa

Landrova ya Bi Kalunde iliingia Isevya ikivutwa na trekta,
moyo wake mpya, injini ya Toyota, umefungwa kamba nyuma
kama ng'ombe wa mahari.
"Hii iingie humu," akasema. "Asali ya Sikonge hainisubiri."

Iliingia. Ila sampo ilikaa juu ya ekseli
kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto.
Shimo la kwanza barabarani lingeipasua.
Nikasema: hii tunashona upya.

Kushona, ndiyo. Nilianza na boksi la biskuti,
mkasi wa kuazima kwa jirani wa cherehani,
nikakata huku, nikakunja pale:
mbele nyembamba, ekseli ipumue,
nyuma pana, lita sita zibaki sita.
Ndani nikasimamisha vikuta viwili,
maana oili ni kama mbuzi wa mnadani,
ukishika breki yote inakimbilia mbele
na pampu inabaki kunyonya hewa.
Hewa hailainishi chuma.

Bati la milimita tatu. Kisha moto.
Hapa ndipo vijana wanapoharibu:
anachomelea mshono mzima kwa pumzi moja, kama anakimbizwa,
na ukingo wa kukalia gasketi unajikunja kama chapati.
Mimi nachoma inchi moja hapa, naenda kule, narudi,
naacha ipoe, nakunywa maji,
naongea na Mihayo ambaye hayupo.

Mihayo alinifundisha kila kitu ila kusubiri.
Hilo nilifundishwa na barabara ya Chunya,
mwaka wa sampo yangu ya kwanza:
mshono wa kupigia picha,
na ndani yake tundu dogo kuliko jicho la sisimizi.
Lori la tumbaku likaenda likidondosha,
tone, tone, kilometa mia na kitu,
mpaka injini ikauma meno katikati ya miombo.
Sitta, dereva, alilala porini siku mbili.
Hakunitukana.
Alirudi na krenki iliyoungua, akaibwaga mlangoni pangu,
akaagiza chai.
Ipo mpaka leo. Ndiyo inayozuia mlango usifungwe na upepo.

Kwa hiyo nje napaka chaki, mishono yote,
ndani namimina mafuta ya taa,
naiweka sampo juu ya matofali, naenda kulala.
Oili ni nzito, inaweza kukufichia aibu wiki nzima.
Mafuta ya taa ni mbeya: yanapenya, yanasema.
Asubuhi, kona ya kushoto,
doa la punje ya mtama.
Nikalisaga, nikachoma tena. Chaki tena. Usiku tena.
Bi Kalunde akapiga simu mara nne.
Siku ya tatu chaki iliamka nyeupe.

Gasketi ya koki, silikoni kidogo tu,
bolti kumi na nane, kwa kupishana, kutoka katikati.
Ngassa akavuta spana mpaka mshipa wa shingo ukamsimama.
"Legeza," nikamwambia. "Hatukabi mwizi.
Ukiibana sana inatoa ulimi."

Wiki tatu baadaye mama akarudi, vumbi mpaka kwenye kope,
mzigo umejaa.
Nikasukuma boksi safi la friji chini ya gari:
liache lilale hapa.

Alfajiri nikachungulia na tochi.
Doa moja.
Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili.
Nikalala chali, nikapitisha kidole mshono kwa mshono: kavu.
Bolti ya kumwagia: kavu.
Nyuki wawili walikuwa wamefika kabla yangu,
na sikushtuka, mjinga mimi,
mpaka tone la pili liliponiangukia shavuni
kutoka huko nyuma, kwenye sakafu ya bodi,
nikalilamba kabla sijafikiri.

"Bi Kalunde," nikampigia,
"ndoo yako moja inavuja.
Hiyo sikuichomelea mimi."