Sepeto Tutani

Huku kwetu Frisia bahari haibishi hodi.
Kila nyumba ina kipande chake cha tuta:
cha Tjalling hatua kumi na tisa,
cha mjane Foekje saba, na panya wake.
Hatuna mwinyi. Wapita njia hutuuliza kwa nini,
kana kwamba tulisahau kumwagiza sokoni.

Wale wa milimani, nasikia, uhuru wao
uliota penye njia nyembamba, farasi wa vita asipoweza kugeuka.
Wa mijini waliununua kwa fedha taslimu,
hati wakaifungia sandukuni, funguo tatu, watu watatu wasioaminiana.
Wetu umetoka matopeni.
Unanuka. Haukauki.

Sheria ni fupi, mtoto huimaliza kwa pumzi moja:
aliyeshindwa na tuta lake
achomeke sepeto humo, aondoke.
Atakayeichomoa
ndiye mwenye shamba, mwenye ng'ombe,
mwenye deni, mwenye tope.

Wobbe alipovunjika mgongo
aliichomeka Jumanne, mkewe amemshika kiuno.
Siku tatu ikasimama pale, kunguru wakaizoea.
Ya nne akaja mjumbe wa mwinyi, buti zake kavu:
“Bwana wangu atawajengea tuta zima, la mawe.
Nyinyi laleni.
Anachotaka ni ufunguo wa mlango wa maji tu.”

Tu.
Neno dogo, kama tundu la panya.

Sitasema uongo, tulitamani.
Viganja vyetu vilikuwa malengelenge matupu.
Tjalling alisema mawe ni mawe.
Mimi niliinamisha kichwa
nikihesabu usiku ambao ningelala hadi asubuhi.
Tukabishana, maji yakapwa, tukabishana, yakaanza kujaa.

Foekje, yule wa hatua saba, hakuomba nafasi ya kusema.
Alipanda, akaishika mpini kwa mikono miwili,
ikagoma, akaitikisa kama jino bovu, ikatoka.
Akatugeukia:
“Nani ana toroli?”

Mwezi wa pili bahari ilipita juu hata hivyo.
Ikachukua kondoo kumi na mmoja
na paa la Tjalling.
Bado husema kila mkutano, mawe ni mawe,
na kila mkutano tunamwachia amalize.

Leo alfajiri nimeona tundu jipya
kwenye kipande changu, upana wa kidole.
Nimelijaza udongo, nikalikanyaga.
Kesho nitakwenda kulitazama tena.