Ncha ya Mkanda

Ilitoka katika mkebe wa misumari, kule Katuba.
Kisimba muuza vyuma aliipima pamoja na misumari yake,
kilo moja kasoro, bei ya chakavu,
kisha akaigonga kwa ukucha, akatega sikio:
hiki si chuma, akasema. Hiki kinajibu.

Akaipeleka jumba la makumbusho,
na mama Odila Kafwimbi, miwani yake imefungwa uzi,
akaileta kwangu, nyuma ya reli,
mimi Mukalayi, fundi wa viatu na mikanda.
Akaiweka gotini pangu juu ya kitambaa cheupe
kama jino la mtoto.

Yeye alisoma uso.
Tazama mnyama huyu, mwili kama kamba,
amegeuza shingo anajiuma mgongo.
Weusi ulio katika mikwaruzo si uchafu,
ni fedha na kiberiti, viliyeyushwa, vikajazwa humo.
Na hapa nchani kichwa kingine, kimetazamwa kutoka juu:
pua butu, macho mawili,
masikio yamejikunja kama alama ya mkato.

Akafungua picha katika simu, moja baada ya moja,
ndugu za kitu hiki, waliofukuliwa mashambani Uingereza.
Huyu masikio yake ni duara. Siye.
Huyu hana jani pale juu. Siye.
Huyu,
akanyamaza,
huyu labda shangazi yake.

Mimi nilisoma mgongo.
Mgongo hauna pambo, hauna wa kumdanganya.
Upande wa juu umepasuliwa kama mdomo wa samaki:
ngozi iliingia humo, misumari miwili ikaibana.
Msumari mmoja ni wa tangu mwanzo.
Wa pili ni wa mkono mwingine, mkono wenye haraka,
umepigwa kombo, kama ninavyopiga mimi
mteja akisimama mlangoni anatazama saa.
Hii iliharibika ikatengenezwa, nikamwambia.
Mwenyewe aliipenda, au hakuwa na pesa ya nyingine.
Na ukingo huu umelika, ule haukulika.
Ilining'inia, ikasugua paja lilelile miaka mingi.

Odila hakuandika hilo. Baadaye akaandika.

Ndani ya mdomo kulibaki uzi wa ngozi,
mweusi, mwembamba kuliko unywele.
Nilishika koleo.
Nikaliweka chini.

Ya nani hii?
Ya Waanglo-Saksoni, karne ya tisa.
Ndio nani hao?
Waingereza, akasema, kabla hawajajua kuwa ni Waingereza.
Tulicheka mpaka Kisimba akaja kuuliza kama imepanda bei.

Miaka ileile, akasema Odila,
kule Upemba watu walizikwa na shaba,
bangili, kengele ndogo zisizofika urefu wa dole gumba.
Nyingine ziko Ulaya, ndani ya droo.
Sijui kama huko wamemwita fundi wa mikanda.

Na nani aliileta hapa, mji huu wa moshi?
Mhasibu wa migodi? Padri?
Mke wa mtu, aliyetaka kitu kidogo cha kwao mfukoni,
akafa, mboi wake akakitia na misumari?
Odila akaandika: haijulikani.
Akapiga mstari chini yake, kwa rula.

Jumatatu akaja dereva wa lori la Kasumbalesa,
mkanda wake umechanika nchani, nyuzi nje.
Nilikata bati la mkebe wa maziwa,
nikalikunja, nikaacha mdomo, misumari miwili.
Kisha, sijui kwa nini, nikachukua ncha ya msumari
nikachora macho, na juu yake masikio.

Akaigeuzageuza. Huyu ni mbwa?
Sijui, nikasema.
Akasema basi na bei ipungue,
maana yeye mbwa hakuagiza.