Kutendeka

Nilikuwa na miaka sita, tukikaa Kuze,
kikombe cha kahawa cha marehemu babu kiliponitoka mkononi.
"Kimevunjika," nikasema.
Mama hakuinua macho kwenye nazi aliyokuwa akiikuna:
"Kikombe kina maguu? Sema nani alokivunda."

Miaka thelathini baadaye nimekaa meza ya pembeni,
ukumbi wa kukodi, Mapembeni,
waya wa kipaza sauti umenizunguka miguu.
Feni moja inazunguka, ya pili inalalamika.
Kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa
mbele ya Kamati iliyotoka Nairobi
kuuliza pampu nne za maji, zilizolipiwa, ziko wapi.

Mhandisi Shebwana ana tai ya kijani na wakili wa kumnong'oneza.
"Kupitia kwako, Mwenyekiti, fedha zilitoka.
Malipo yakakamilika.
Katika mchakato kukajitokeza changamoto,
na makosa, kwa kadiri ninavyokumbuka, yalifanyika."

Vidole vyangu viliijua sarufi yake kabla yangu.
Angesema yalifanywa, angeacha mlango wa uani wazi:
mtu angesogea pale na kuuliza, yalifanywa na?
Lakini yalifanyika halina mlango,
halina hata dirisha la kupitisha paka.
Yalifanyika kama kutu,
kama nazi inavyodondoka usiku bila mkwezi.

Mheshimiwa wa mkono wa kulia akaomba nafasi ya swali dogo.
Dakika kumi na moja. Nilihesabu.
Alianza na rambirambi, akapitia barabara za jimbo lake,
akawageukia wenye kamera,
akamalizia, "Au sivyo, Mhandisi?"
"Ndivyo, Mheshimiwa."
Kurasa tatu, alama ya kuuliza moja,
nayo niliiweka kwa huruma.

Nje mikokoteni ya maji ilikuwa ikipita.

Saa nane na nusu akaitwa karani wa ghala la Shimanzi,
Mbeyu Chengo, viatu vipya vikimfinya kisigino.
Akaelekezwa: sema kupitia kwa Mwenyekiti. Akasema, haya.
"Mimi nilisaini. Pampu sikuziona.
Bwana Shebwana mwenyewe alinipigia simu, Ijumaa,
watu wakitoka msikitini,
akaniambia tia saini, mzigo uko njiani.
Nikatia. Niliogopea kibarua changu."

Ni-, ni-, ali-:
viambishi vidogo, changarawe ndani ya wali,
na meza kuu nzima ikauma.

Wakili alisimama kabla hajamaliza.
Shahidi anakisia. Shahidi hakuulizwa hilo.
Shahidi ajibu ndiyo au siyo.
Na Mheshimiwa wa swali dogo akapata sauti ya baba:
"Mama, unaelewa uzito wa neno 'akaniambia'?"
"Naelewa. Nimelibeba mwaka wa pili huu."
Kicheko nyuma. Nyundo.
"Kauli hiyo iondolewe kwenye kumbukumbu."

Iondolewe.
Mwenyekiti hakumtazama mtu aliposema.
Lakini mikono iliyokuwa juu ya mashine
ilikuwa ya mtu mmoja tu mle ukumbini.

Usiku mama, ambaye macho yamemwishia, akanisikia nikitua mkoba.
Redio ilikuwa imekwisha kumpa nusu ya habari.
"Maneno ya yule mwana wa Chengo, mumeyaandika?"
Maji ya mtungini yalikuwa baridi. Nikanywa kwanza.
"Yamefutika, mama."

Akanyamaza.
Kisha nikasikia kiganja chake kikipapasa meza
taratibu, ukingo hadi ukingo,
kama mtu anayetafuta vigae.